Yule wa dirisha la mwisho kaniambia "Mama, hilo halipo kwetu"

Jamani nimetoka kufuatilia kodi ya jengo sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Wa Tanga mnamjua, sina haja ya kumtaja.

Nyumba yangu ni moja, Ngamiani, bati moja, choo kimoja. Ina mita tatu kwa sababu wapangaji walikuwa wanagombania umeme mpaka wa pasi. Sasa kodi ya jengo nakatwa kwenye umeme wa luku mara tatu! Nyumba ya chini ni 1,500 kwa mwezi, mimi 4,500, kama nina kasri Raskazone.

Nimefika dirishani na risiti zote. Yeye anakula kachori. Hajainua uso. "Mama, hilo halipo kwetu." Liko wapi basi? Akanyoosha kidole chenye chatini ukutani. Ukutani kuna kalenda ya mwaka juzi!

Zamani kodi hii ilikuwa ya halmashauri, ukigomba unagomba na mtu unayemjua kwao. 2016 ikahamishiwa serikali kuu, 2021 ikatiwa kwenye luku. Kukata kumepata mwenyewe, kurekebisha hakuna mwenyewe. Ofisi tatu tangu Jumatatu, bodaboda imeshakula kodi ya mwaka mzima.

Na ile kachori, wallahi, hata chini hakuiweka. Mtu mzima mimi, nina wajukuu, naongea na kachori!

Mpangaji sugu: Pole mama, ila sisi tunaowalipia je? Luku nanunua mimi, nyumba yako. Nikisema nikate kwenye pango naambiwa nihame.

Kijana wa Makorora: Chatini ya nazi au ya embe?

Mwenye uzi: Huna adabu wewe. Nasema HAJAINUA USO.

Mpangaji sugu: Mama hujanijibu.

Bajaji Chumbageni: 4,500 ndiyo inakutetemesha? Maegesho je! Nimesimama kununua machungwa, dakika tano, deni limeingia kwenye mfumo. Nimekwenda halmashauri, wameniambia siku hizi si yao.

Kijana wa Makorora: Nao walikuwa wanakula kachori?

Mwenye uzi: Kidole chenye chatini, jamani. Kwenye risiti zangu kaacha alama.

Shemeji wa Pongwe: Bajaji, hayo machungwa ya Muheza? Umenunua wapi?

Bajaji Chumbageni: Ya Muheza. Wahi asubuhi, saa nne hukuti kitu.