Mrejesho: lile neno "set" lililonitoa jasho

Wiki iliyopita niliuliza nimweleze vipi mtoto wa ndugu yangu, yuko gredi ya saba, neno la Kiingereza "set", kwani kila sentensi lilimjia na sura mpya. Asanteni nyote, ila aliyesema nianze na "piga" ndiye aliyeniokoa.

Jana jioni tulikaa barazani hapa Kibokoni. Nikamuuliza, "Ukipiga pasi, wampiga nani?" Akacheka. Piga simu, piga deki, piga mswaki, na hakuna anayeumia! Hapo akashika. Tukaingia jikoni: kuandaa meza ni "set", vikombe sita vya kahawa vya bibi yake ni "set", jeli ikiganda kwenye friji, "set". Na jua lililokuwa likituchwea upande wa Changamwe nalo lilikuwa lafanya hilohilo.

"Ami, kwani ziko ngapi?"

Nikamwambia kamusi kubwa ya Oxford, toleo la 1989, ilitaja maana zaidi ya 400. Akafunga daftari, akaomba mahamri.

Imebaki "set off", mara kuanza safari, mara kulipua fataki. Hiyo nimemwachia mwalimu wake.