Nani alituletea uhuru? Mtoto wangu kapewa sifuri

Baba Mapacha
Habari za jioni, ndugu wa Lubumbashi na kwingine. Mmoja wa mapacha wangu, mwaka wa sita wa primeri, kaleta daftari nyumbani. Swali: "Nani aliongoza Kongo kwenye uhuru?" Kaandika LUMUMBA kwa herufi kubwa, kapiga mistari miwili chini ili mwalimu asipitwe. Kalamu nyekundu imeweka 0/2, na pembeni "Kasa-Vubu". Sawa, nikanyamaza. Nikafungua daftari la pacha mwenzake: yeye kaandika "Wabeleji", na kapewa 1/2. Moja! Bukari ilinikaa kooni. Sitaki kumtukana mwalimu, mshahara wake sote tunaujua. Nauliza tu: ninyi mngeandika nani?

Mwana Kamalondo
Lumumba. Tufunge mjadala tukalale. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, mfalme Baudouin wa Ubelgiji kasimama kumsifu Leopold II mbele ya watu waliokatwa mikono na Leopold II. Kasa-Vubu, prezida wetu wa kwanza, kajibu kwa upole. Lumumba, waziri mkuu, hakuwa hata kwenye programu, akasimama akasema yote: kazi za kuchosha, matusi, ngumi, asubuhi mpaka jioni. Huyo ndiye kiongozi.

Msomi wa Kasapa
Ndugu Kamalondo, hotuba ya siku ya harusi haioi mke. Siku ile bendera ilikuwa tayari imeshonwa. Tufuate tarehe. Mwaka 1956 mzungu Van Bilsen katoa mpango wa miaka 30, wenzetu wa gazeti la Conscience Africaine wakaukubali kwa adabu zote. Agosti mwaka uleule ABAKO, chama cha Kasa-Vubu, ikasema miaka 30 hapana, tunataka sasa. Lumumba Agosti 1956 alikuwa wapi? Jela ya Stanleyville, kwa pesa za posta. MNC, chama chake, imezaliwa Oktoba 1958. Aliyefika chungu kikiwa kimechemka asiseme yeye ndiye aliyewasha moto.

Mwana Kamalondo
"Kwa pesa za posta." Nilijua tu utafika hapo. Ninyi wa chuo cha Kasapa mnaowauzia watoto wetu silabasi, hayo makaratasi ya masomo, kwa nguvu, asiyenunua haoni pointi zake, leo mnamhesabia marehemu pesa za posta?

Msomi wa Kasapa
Kwanza, mimi si profesa, mimi ni asistenti. Pili, silabasi hanunui mtu kwa nguvu.

Mama Ruashi
Asistenti, uliza kwangu. Nina watoto watatu hapo chuoni. Nina silabasi za kuwashia makaa mpaka Krismasi.

Baba Mapacha
Jamani, daftari la mtoto...

Mama Ruashi
Pole papa Mapacha, narudi. Mimi kwa Lumumba sina shida, ila msisahau kwamba alipotoka jela alikwenda Léopoldville, Kinshasa ya leo, kuuza bia. Polar! Alikuwa anazunguka baa kwa baa akiisifia. Watu wa kule walimjua kwa chupa kabla hawajamjua kwa siasa.

Lupopo Damu
Angeuza Simba, bia yetu ya huku, tungemsamehe.

Mtoto wa Bunkeya
Hapa kila mtu anasema Léopoldville, Léopoldville. Sisi wa huku hatukuwepo? Mfalme wetu Msiri kauawa Bunkeya Desemba 1891 kwa sababu alikataa bendera ya Leopold. Huyo hakungoja meza ya mviringo. Na Tshombe wetu wa Katanga alikuwa Bruxelles Januari 1960 kwenye Table Ronde, mazungumzo ya uhuru na Wabeleji, sawa na wengine, mbona hatajwi?

Mwana Kamalondo
Tshombe? Aliyesubiri siku kumi na moja baada ya uhuru akaikata nchi kwa kuitenga Katanga, tarehe 11 Julai, huku askari wa Kibeleji wakimlinda? Tumwandike kwenye daftari la kutafuta uhuru au la kuupeleka rehani?

Mtoto wa Bunkeya
Unaongea hivyo kwa sababu wewe si mtu wa huku.

Mwana Kamalondo
Nimezaliwa Kamalondo. Baba yangu kazaliwa Kamalondo. Kitovu changu kimezikwa nyuma ya soko. Huku ni wapi zaidi ya hapo?

Dada wa Goma
Kaka zangu, polepole. Mimi niko Goma, nafuatilia tu. Kuna jambo mnaliruka. Tarehe 13 Januari 1959 Baudouin mwenyewe alitamka neno uhuru kwenye redio. Kwa nini? Kwa sababu siku tisa kabla, tarehe 4, wakaaji wa Léopoldville walikuwa wamewasha mji. Na siku ile Kasa-Vubu hakuongoza lolote. Mkutano wa ABAKO ulikuwa umekatazwa, yeye alifika kuwaambia watu warudi nyumbani. Hawakurudi. Hesabu ya serikali yenyewe ilisema waliokufa ni zaidi ya 40. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, uhuru ulianzishwa na watu waliokataa kumsikiliza kiongozi wao.

Lupopo Damu
Dada, umesahau kitu kimoja. Siku ile V.Club ilikuwa imefungwa na Mikado. Watu walitoka uwanjani na hasira, wakakutana na watu wa ABAKO wenye hasira. Kwa hiyo uhuru wa Kongo umeletwa na Mikado. Papa Mapacha, mtoto aandike Mikado.

Vita Milele
Hii dharau ya watu wa Lubumbashi haitaisha. Watu walikufa, wewe unacheka mpira. Halafu V.Club ilikuwa timu ya watu weusi mtaani tangu 1935. Timu zenu huko zilianzishwa na nani? Mazembe ni mapadre Wabenedikto, 1939. Jina lao lilikuwa Englebert, jina la mpira wa gari! Mlikuwa mnabeba tangazo la mzungu kifuani, leo mnatufundisha uhuru.

Mwana Kamalondo
Hapo umenigusa. Englebert hiyohiyo ilichukua kombe la Afrika 1967 na 1968, mfululizo. Ninyi moja tu, 1973. Na 2010 tumecheza fainali ya dunia na Inter Milan.

Vita Milele
Tatu bila.

Mwana Kamalondo
Fainali! Tatu bila kwenye FAINALI. Wewe ulikuwa unaangalia kwenye televisheni ya jirani.

Lupopo Damu
Mimi siingii hapo. Nasema tu Lupopo ni timu ya wafanyakazi wa reli. Kama kuna timu ya ukombozi mjini hapa...

Mama Ruashi
Papa Lupopo, kombe la Afrika la Lupopo liko kwenye kabati gani nije kulifuta vumbi?

Lupopo Damu
Mama, matusi hayo si ya mtu mzima.

Mzee wa Kambi
Watoto wangu, nimesoma kutoka juu mpaka hapa. Mnacheka uwanja wa mpira. Basi nami nizungumze uwanja wa mpira.

Baba yangu alikuwa na miaka kumi hivi mwaka 1941. Babu yangu alikuwa mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya shaba, hapa mjini. Wakati wa vita Wabeleji walitaka shaba nyingi, bei ya vitu ikapanda, mshahara ukabaki palepale. Wazungu wa kampuni ndio waliogoma kwanza, wakaongezwa. Desemba weusi nao wakagoma, ikaanza upande wa Likasi ikafika huku. Tarehe 9 watu wakakusanywa uwanjani. Gavana Maron akaja na askari. Waliwasemesha wagomaji, na msemaji wao Léonard Mpoyi akakataa kuwarudisha watu kazini mikono mitupu. Wakampiga risasi. Halafu wakapiga umati. Makumi ya watu.

Baba alikuwa anatusimulia kitu kimoja tu, maana mengine hakuyaona, alifungiwa ndani. Asubuhi yake alipopita, uwanjani kulikuwa na kofia. Kofia nyingi, za majani na za kitambaa. Hakuna aliyekuja kuchukua ya kwake, maana kuja kuchukua ni kujisema. Mama mmoja wa kambi alizikusanya kwenye kapu la unga, akaliweka mlangoni kwake. Watu walikuwa wanapita usiku.

Wakati huo Lumumba alikuwa kijana wa miaka 16. Kasa-Vubu alikuwa bado kijana tu. Mimi ningemwandika Mpoyi.

Vita Milele
Heshima kwako mzee. Lakini ule mgomo ulikuwa wa mshahara. Uhuru ni jambo lingine.

Mzee wa Kambi
Mwanangu, mtu anayeambia kampuni "sirudi kazini" mwaka 1941, alikuwa anaomba mshahara peke yake?

Msomi wa Kasapa
Kimbinu mzee ana hoja, ila lazima tutofautishe madai ya kijamii na madai ya kitaifa. Vinginevyo tutafika kwa nabii Kimbangu.

Mama Ruashi
Na kwa nini tusifike kwa Kimbangu? Alikamatwa 1921, akahukumiwa kufa, kisha kifungo cha maisha. Jela aliyofia ni ya wapi? Ya hapahapa kwetu! Miaka 30 Élisabethville, kafa Oktoba 1951. Mtu wa Bas-Congo kaozea huku kwetu, na ninyi mnaniambia watu wa huku na watu wa kule. Asistenti, "lazima tutofautishe" peleka kwenye silabasi.

Dada wa Goma
Asante mama. Na kwetu Kivu kulikuwa na watu wa dini ya Kitawala, walioinuka mwaka 1944 wakamalizwa kwa bunduki. Hao nao sijaona hata mtaa unaobeba jina lao.

Mtoto wa Bunkeya
Dada wa Goma unaandika Kiswahili kama mtangazaji wa Dar es Salaam. Uko Goma kweli?

Dada wa Goma
Nimejibu hoja tatu, wewe umeona Kiswahili tu. Ndiyo, niko Goma, Birere. Ukitaka nikuandikie kwa mawe ya volkano pia naweza.

Lupopo Damu
😂😂 Bunkeya umepigwa.

Mwana Kamalondo
Turudi. Asistenti, hukunijibu. Table Ronde ilifunguliwa tarehe 20 Januari 1960. Tarehe ya uhuru imekubaliwa lini? Tarehe 27. Lumumba kafika Bruxelles lini? Tarehe 26! Ametolewa jela, kapandishwa ndege, alama za pingu bado ziko mkononi, picha zake zipo. Kesho yake, 30 Juni ikaandikwa. Na Kasa-Vubu wako wakati huo alikuwa wapi? Alishatoka kikaoni kwa hasira!

Msomi wa Kasapa
Alitoka kwa sababu alitaka serikali iundwe palepale, mara moja. Wewe unaona kutoka, mimi naona msimamo. Na wajumbe wote walikuwa wameshaungana kabla ya Lumumba kufika, ndiyo maana walishinikiza atolewe jela ya Stanleyville.

Mwana Kamalondo
Jela ya LIKASI. Ilikuwa inaitwa Jadotville. Walishamhamisha. Kapanda ndege hapahapa kwetu. Asistenti wa historia hajui kwamba Lumumba alifungwa kilomita 120 kutoka ofisini kwake!

Msomi wa Kasapa
Mimi ni asistenti wa uchumi.

Mama Ruashi
Ahaaa.

Mzee wa Kambi
Na mwaka haukupita wakamrudisha hukuhuku. Januari 1960 kaondoka kwa ndege, Januari 1961 kaletwa kwa ndege uwanja wa Luano pamoja na wenzake Mpolo na Okito, wamepigwa hawatambuliki. Usiku uleule wakauawa porini Shilatembo. Mwaka 2022 lile jino lake moja lililobaki liliporudishwa na Ubelgiji likapitishwa hapa. Nilisimama kandokando ya barabara. Jeneza kubwa, jino moja.

Mtoto wa Bunkeya
Mzee, kwa hilo sina neno.

Vita Milele
Mimi pia. Lakini mzee, ukimwandika Mpoyi mtoto atapata sifuri.

Mzee wa Kambi
Sifuri nimeshazizoea.

Dada wa Goma
Kuna kitu kimoja cha Kasa-Vubu ambacho nakipenda. Desemba 1958 alikuwa aende Accra kwa Nkrumah, kwenye mkutano wa watu wa Afrika yote. Wabeleji walimzuia, wakasema karatasi zake za chanjo hazijakamilika. Lumumba akaenda, akarudi ni mtu mwingine, siku chache baadaye anahutubia umati na kudai uhuru. Najiuliza ile karatasi ya chanjo ingekuwa sawa...

Lupopo Damu
Basi mtoto aandike: muuguzi.

Baba Mapacha
Nimerudi, leo nilikwenda masomoni. Mwalimu kanipokea vizuri, kanipa kiti, yeye kabaki amesimama maana kiti ni kimoja. Kasema alitaka prezida, kwa kuwa swali limesema "aliongoza", na anayeongoza nchi ni prezida. Nikamwambia kuhusu Table Ronde, pingu, Likasi, tarehe 26 na 27, yote niliyosoma hapa. Kasikiliza mpaka mwisho. Kasema, "Papa, kitabu kimoja tunasoma walimu watatu, na ukurasa huo umechanika."

Nikauliza: sawa, na huyu aliyeandika Wabeleji, moja ya nini? Akaona haya kidogo. Kasema: "Nilikuwa nimeshampa ndugu yake sifuri. Sikuwa na roho ya kuwarudisha mapacha kwa mama yao na sifuri mbili."

Nimemwachia hivyo.

Mwana Kamalondo
Kwa hiyo Lumumba kabaki na sifuri yake?

Baba Mapacha
Kabaki nayo.

Vita Milele
Bado nangoja Lupopo anithibitishie ile mechi. Mikado walifunga ngapi, na nani alifunga?