Tupeane uzoefu: moli ilikufungukia lini, na nini kilichoifungua?

Wakuu, salaam.

Kuna mada za kemia unaweza kuzikwepa na mtihani ukapita salama. Moli, kile kipimo cha idadi ya chembe (atomi, molekuli), si mojawapo. Ukiikimbia leo, kesho utaikuta kwenye titresheni (kupima myeyusho mmoja kwa kutumia mwingine), keshokutwa kwenye gesi, halafu kwenye viwango vya mmenyuko, na kote huko itakudai. Ndiyo maana nimefungua uzi huu: nini hasa kilikuwa kinakukwamisha, na ilipofunguka, nini kilifungua? Wanaosoma, wanaofundisha, watu wa maabara, wote karibuni. Ombi langu moja tu, tusiletane fomula tupu. Fomula ziko kwenye kila daftari na bado watu wanakwama.

Naanza mimi. Kugawa gramu kwa masi ya moli (gramu za moli moja) hakukunisumbua. Kilichonikera ni jedwali la elementi. Unaambiwa atomi moja ya kaboni ina masi ya 12. Ukigeuza ukurasa, moli moja ya kaboni ina gramu 12. Sodiamu, atomi 23, moli gramu 23. Inakuwaje atomi moja na rundo zima la atomi viwe na namba ileile? Nikiuliza, jibu ni "ndivyo ilivyo, kariri".

Jibu lilikuwa kwenye kizio. Ile 12 ya atomi si gramu. Ni vizio vya masi ya atomi, na kizio kimoja ni gramu 1.66054 × 10⁻²⁴. Sasa shika kalkuleta, ugawe gramu 1 kwa 1.66054 × 10⁻²⁴. Inatoka 6.022 × 10²³. Namba ya Avogadro, idadi ya chembe kwenye moli moja, hiyo hapo! Kumbe ni idadi tu ya vizio vya atomi vinavyoingia kwenye gramu moja, na mambo yalipangwa hivyo kwa makusudi, ili mtu akisoma 23 kwenye jedwali aende moja kwa moja kwenye mizani na kupima gramu 23. Baada ya hapo masi ya moli ikawa kwangu kitu cha kusoma, si cha kukariri.

Haya, zamu yenu.

Msoma_Usiku

Mleta uzi umegusa penyewe. Mimi iliyonifungua ni historia yake, maana nilikuwa nadhani Avogadro, yule mwanasayansi wa Italia, alikaa akazihesabu hizo chembe. Hakuzihesabu. Alichosema mwaka 1811 ni kwamba gesi zenye ujazo sawa, katika joto sawa na kanieneo sawa, zina idadi sawa ya molekuli. Ni ngapi, hakusema, na alifariki 1856 bila kuijua hiyo namba. Mwanafizikia Mfaransa Jean Perrin ndiye aliyependekeza mwaka 1909 kwamba namba hiyo ipewe jina la Avogadro, naye aliipima kwa kutazama chembe ndogo zinavyotikisika ndani ya kimiminika.

Tena zamani moli ilifungwa kwenye gramu 12 za kaboni-12. Tangu tarehe 20 Mei 2019 imegeuzwa: namba yenyewe ndiyo imewekwa, 6.02214076 × 10²³ kamili, na moli ni vitu vya idadi hiyo. Kwa mahesabu ya darasani hakuna kilichobadilika, lakini kichwani mwangu kilibadilika. Moli ni idadi. Gramu zinakuja baadaye, kutegemea unahesabu nini.

Chaki_Nyekundu

Nafundisha, kwa hiyo uzoefu wangu ni wa kusahihisha madaftari. Swali: gramu 9 za maji zina molekuli ngapi? Hatua ya kwanza karibu wote wanapata: 9 kugawa kwa 18 (masi ya moli ya maji), moli 0.5. Hatua ya pili ndipo darasa linapogawanyika. Wapo wanaozidisha kwa 6.02 × 10²³ wakapata 3.01 × 10²³. Wapo wanaogawa, wakapata 8.3 × 10⁻²⁵, wakapigia mistari miwili na kufunga daftari.

Sasa hiyo 8.3 × 10⁻²⁵ maana yake ni nini? Ni sehemu ndogo mno ya molekuli moja. Maji unayaona kwa macho, halafu unaniambia hayafiki hata molekuli moja! Huyo mwanafunzi hesabu anaijua, ila hajajiuliza jibu lake linasema nini. Kwa hiyo siku hizi simwambii mtu "umekosea". Namwambia anisomee jibu lake kwa sentensi: "Kwenye haya maji kuna molekuli..." Akifika kwenye namba anacheka mwenyewe na kuchukua kifutio.

Na wale wanaopata 3.01 × 10²³ nawaongezea: atomi je? Kila molekuli ya maji ina atomi tatu, kwa hiyo 9.03 × 10²³. Hapo nusu ya waliokuwa wanatabasamu wananyamaza.

Pembetatu_Oyee

Mimi nitatofautiana na mleta uzi kidogo. Ile pembetatu ya m (gramu) juu, n (moli) na M (masi ya moli) chini, watu wanaidharau sana, lakini ndiyo iliyonivusha. Unafunika unachokitafuta, kilichobaki ndiyo njia. Sio kila mtu anahitaji falsafa.

Chaki_Nyekundu

@Pembetatu_Oyee sina ugomvi na pembetatu, mkuu. Ugomvi wangu ni kwamba ikishafika swali la hatua tatu, unahitaji pembetatu tatu, na mwanafunzi hajui aanze na ipi. Anayefuata vizio hapotei. Gramu kugawa kwa gramu kwa moli inabaki moli. Gramu kuzidisha kwa gramu kwa moli inakupa gramu za mraba kwa moli, kitu ambacho hakipo kwenye mizani yoyote duniani. Kizio kinakukemea kabla mwalimu hajakukemea.

Mizani_Haidanganyi

Niko maabara. Wacha niwape kisa cha chupa ya salfeti ya shaba.

Tulihitaji lita moja ya myeyusho wa moli 0.1 kwa lita. Kijana mmoja aliyekuwa kwenye mafunzo akakokotoa vizuri kabisa: shaba 63.5, salfa 32.1, oksijeni nne 64, jumla 159.6. Moli 0.1 ni gramu 15.96. Akapima, mizani ikasoma sawasawa, akayeyusha, akajaza mpaka alama. Kazi safi. Titresheni ikaja na jibu la chini, tukarudia, likaja lilelile.

Nikamwambia alete chupa. Fuwele ndani ni za buluu. Salfeti ya shaba isiyo na maji ni unga mweupe. Buluu maana yake ndani ya fuwele kuna maji, molekuli tano kwa kila CuSO₄. Lebo ilikuwa inasema hivyohivyo, CuSO₄·5H₂O, na masi ya moli chini yake: 249.7. Kwa hiyo alizopima ni moli 15.96 kugawa kwa 249.7, yaani 0.064 badala ya 0.1. Zilitakiwa gramu 24.97.

Hilo lilinifundisha namna ya kuwafundisha wanaokuja. Siwaanzishi na jedwali, nawaanzisha na lebo. Masi ya moli ni ya kitu kilichomo ndani ya chupa, sio ya kitu ulichokiwazia. Soda ya kufulia ni vilevile: Na₂CO₃ kavu ni 106, ile ya fuwele yenye molekuli kumi za maji ni 286. Karibu mara tatu. Ukichanganya hizo mbili, hakuna kalkuleta itakayokuokoa.

Nimekwama_Bado

Jamani mimi bado niko shimoni. Kuna sehemu naambiwa oksijeni ni 16, sehemu nyingine 32. Ipi ni ipi? Na mabano nayo: Ca(OH)₂ mwenzangu anapata 58, mimi napata 74.

Msoma_Usiku

@Nimekwama_Bado wewe ndiye uko sahihi kwenye mabano. Ile 2 ya nje inashika kila kilichomo ndani: 40 + 2 × (16 + 1) = 74. Mwenzako ameizidisha hidrojeni peke yake. Mjaribu na (NH₄)₂SO₄ uone kama ameelewa. Jibu ni 132.

Kuhusu oksijeni, uliza "moli ya nini?" Moli ya atomi za oksijeni ni gramu 16. Moli ya molekuli za O₂, ambayo ndiyo gesi yenyewe, ni gramu 32. Swali likisema "gesi ya oksijeni" ni 32, basi. Vivyo hivyo kwa hidrojeni, naitrojeni na klorini, zote zinatembea mbilimbili.

Dazani_Mbili

Naona hakuna aliyetaja mfano wa dazani. Kwenye vitabu ndio unaofungua mada: dazani ni 12, moli ni 6.02 × 10²³, umemaliza. Mimi mfano huo ulinisaidia wiki ya kwanza, ukanikwamisha iliyofuata. Ulinipa idadi lakini haukunionyesha kwa nini tunahangaika na idadi. Dazani ya kalamu unaweza kuzihesabu kwa kidole, atomi huwezi.

Kilichonifungua ni mmenyuko. 2H₂ + O₂ → 2H₂O. Nilikuwa nasoma hizo namba za mbele kama vile ni gramu: gramu 2 za hidrojeni, gramu 1 ya oksijeni. Jaribu kuzijumlisha kwa masi: moli 2 za hidrojeni ni gramu 4, moli 1 ya oksijeni ni gramu 32, moli 2 za maji ni gramu 36. Inakubali. Uwiano wa moli ni 2 kwa 1, uwiano wa gramu ni 1 kwa 8! Mlinganyo hauongei gramu kabisa, unaongea idadi, na mizani haiongei idadi, inaongea gramu. Moli imekaa katikati yao kama mkalimani. Ndiyo maana huwezi kuruka kutoka gramu za kitu kimoja kwenda gramu za kingine bila kupita kwake.

Pembetatu_Oyee

Hapo @Dazani_Mbili umenishika. Nikumbushe lile la kitu kinachoisha kwanza, maana pembetatu yangu huwa inagoma hapo.

Dazani_Mbili

Chukua gramu 5 za magnesiamu na gramu 5 za oksijeni. Kwa macho ni sawa kwa sawa, na wengi wanasema vyote vitaisha pamoja. Zipeleke kwenye moli: magnesiamu 5 ÷ 24.3 = 0.206, oksijeni 5 ÷ 32 = 0.156. Mlinganyo ni 2Mg + O₂ → 2MgO, kwa hiyo magnesiamu 0.206 inahitaji oksijeni 0.103 tu. Ipo ya kutosha na inabaki. Tazama vizuri: kilichoisha ni magnesiamu, yenye moli nyingi zaidi. Kuwa na moli nyingi si kinga, kinachoangaliwa ni mlinganyo unadai kiasi gani.

Oksidi inayopatikana ni 0.2058 × 40.3, kama gramu 8.29. Oksijeni iliyobaki ni kama gramu 1.71. Zijumlishe: 10.00. Tulianza na 10. Mimi swali la namna hii sifungi daftari kabla sijafanya hiyo jumla ya mwisho.

Kitufe_Kimoja

Langu ni fupi na ni la kalkuleta. Chapa 3.01 × 10^23 ÷ 6.02 × 10^23 bila mabano. Jibu litakuja 5 × 10⁴⁵ badala ya 0.5, kwa sababu mashine inagawa kwa 6.02 peke yake, halafu ile 10²³ ya mwisho inazidisha. Tumia kitufe cha EXP au weka mabano. Nimeona watu wenye akili zao wakiikataa kemia kwa kosa la kitufe.

Nimekwama_Bado

Asanteni, nimeanza kuona mwanga. La mwisho: gesi. Daftari moja linasema moli moja ya gesi ni desimita za ujazo 22.4, lingine 24. Nifuate lipi?

Mizani_Haidanganyi

Yote mawili, ila kila moja na hali yake. 22.4 ni kwa nyuzi 0 za selsiasi na kanieneo la angahewa 1. 24 ni kwa joto la kawaida la chumba, kama nyuzi 20 hadi 25. Gesi ikipata joto inatanuka, idadi ya molekuli haijabadilika. Unaweza pia kukutana na 22.7, nayo ni ya nyuzi 0 lakini kwa kilopaskali 100, ambazo ni pungufu kidogo ya angahewa 1. Kwa hiyo soma swali limetaja joto na kanieneo gani kabla hujachagua.

Fanya hili ulete jibu: gramu 10 za CaCO₃ zimechomwa mpaka zikaisha. Imebaki CaO gramu ngapi, na CO₂ iliyotoka ina ujazo gani kwenye joto la chumba?

Nimekwama_Bado

CaCO₃ ni 40 + 12 + 48 = 100, kwa hiyo moli 0.1. Mlinganyo ni moja kwa moja kwa moja. CaO ni 0.1 × 56, gramu 5.6. CO₂ ni moli 0.1, gramu 4.4, na 5.6 + 4.4 = 10 inakubali. Ujazo ni 0.1 × 24, desimita za ujazo 2.4?

Mizani_Haidanganyi

Ndiyo hiyo. Na hiyo alama ya kuuliza mwishoni iondoe.