Kipandauso: kwa nini nimepewa dawa ya presha?

Mshonakofia, Wete:
Assalaam aleikum. Nashona kofia za vitobo. Kabla kichwa hakijaanza, vitobo vya upande wa kushoto humetameta, kisha hutokea mstari wa mwanga wenye meno kama msumeno, unatanuka taratibu hata sindano siioni. Haipiti nusu saa, kichwa kinagonga upande mmoja, natapika, na karafuu zilizoanikwa uani harufu yake siivumilii. Mwezi huu mara sita. Daktari kanipa propranolol, kila siku, na presha yangu 118/76! Mama mkwe anasema itanishusha nianguke. Ninywe?

Muuguzi mstaafu, Unguja:
Waaleikum salaam mwanangu. Nami ninacho tangu usichana, na mstari huo naujua. Ni wimbi linalopita kwenye ubongo wa nyuma, sehemu ya kuonea, milimita kama 3 kwa dakika. Ndiyo maana hautanuki kwa ghafla. Mbrazili Leão alilieleza mwaka 1944.

Ubongo wenyewe hauumi. Kinachouma ni utando unaoufunika na mishipa yake ya damu, na habari hiyo huipeleka mshipa wa fahamu wa tano, trijemina. Ukichokozwa humwaga kemikali inayoitwa CGRP, mishipa ya damu inatanuka, maumivu yanapanda hadi shina la ubongo. Ubongo wa mwenye kipandauso ni mwepesi kuamka. Propranolol huutuliza; kushusha presha ni kazi yake nyingine. Huanzwa kwa dozi ndogo, basi mtoe mama hofu, ila ukisimama ukaona kizunguzungu, rudi hospitali. Usiiache baada ya siku tatu, yataka wiki kadhaa. Una pumu? Mwenye pumu haimfai. Na za maumivu wameza mara ngapi?

Mshonakofia:
Pumu sina bibi. Za maumivu karibu kila siku, naogopa kisije kikanikuta na oda.

Muuguzi mstaafu:
Hapo ndipo unaponitia wasiwasi. Ukizimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi ikapita, zenyewe huzaa maumivu ya kichwa. Daktari hakujua hilo, mwambie, tafadhali.

Mvuvi, Mkoani:
Changu kilikuwa kikija nikikesha baharini nikakosa na chakula. Sasa nabeba muhogo wa kuchemsha, na Ramadhani daku siliachi. Kimepungua.

Mshonakofia:
Ahsanteni sana. Kesho narudi kwa daktari. Nimehesabu kwenye daftari la oda: vidonge siku 19 mwezi huu.