Naingia thieta Jumanne kupunguza tumbo la chakula (slivu), siku yenyewe hospitali inakuwaje?

Mama_Twiga
Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Nina miaka 36, kilo 127, urefu sentimita 162, presha natumia dawa, magoti yamechoka na usiku nakoroma mpaka mume wangu ananiamsha anadhani sipumui. Baada ya vikao vingi na daktari, mtu wa lishe na mwanasaikolojia nimepangiwa slivu Jumanne ijayo hapa Dar. Vipimo nimemaliza, damu, moyo, ultrasaundi, na kamera ya tumboni nimeshapitishiwa. Sasa hivi niko kwenye ile diet ya kupunguza ukubwa wa ini kabla ya operesheni, mtindi, mayai, mboga na supu, wali na ugali nauona kwa watoto tu.

Uamuzi nimeshafanya na sina shaka nao. Kinachoninyima usingizi ni siku yenyewe. Daktari ameeleza upasuaji vizuri sana ila vile vitu vidogo vidogo hakuna anayevisema, naenda na nini, nikiamka naumwa wapi, anayenisindikiza anakaa wapi. Na nusu kaputi jaman naiogopa, nina watoto wawili wadogo nawaza nisipoamka itakuwaje. Nyumbani anajua mume na dada yangu tu, upande wa mama mkwe sijasema maana najua nitaambiwa nini.

Waliopita huko naombeni mnisimulie toka kufika mpaka usiku wa kwanza. Wa kuniambia nikimbie asubuhi, nimeshakimbia miaka, naomba mniache kwa leo.

bibie_goba
Mdogo wangu karibu, mimi nilifanya slivu hapahapa Dar nakusimulia yangu ilivyokuwa. Walinilaza jioni ya kuamkia siku. Chakula mwisho saa sita usiku, maji matupu niliruhusiwa mpaka masaa mawili kabla ila hapo msikilize daktari wako wa usingizi, akisema usinywe usinywe hata funda. Asubuhi unaoga, hupaki losheni wala mafuta wala poda, unavua kila kitu mpaka pete na hereni, wigi na kope za kubandika acha nyumbani kabisa. Halafu gauni la thieta, hapa nakuomba uliza mapema kama wana saizi yako, mimi waliniletea dogo limeacha wazi nusu ya mwili nikalia pale kitandani, sista mmoja akaenda kunitafutia kubwa akarudi amenifunga mwenyewe taratibu, sitamsahau yule dada.

Baada ya hapo kanula (kile kimpira cha mkononi cha kupitishia dawa), soksi za kubana miguu, sindano ya kuzuia damu kuganda wanachoma tumboni inawasha kidogo, na kipimo cha mimba watakupima hata ukiapa huna. Fomu ya ridhaa isome kabla hawajakupa dawa ya kutuliza, uliza unachotaka kuuliza hapo. Kisha unasubiri. Kusubiri ndo kugumu kuliko vyote kwakweli, mimi nilikuwa wa pili kwenye orodha na wa kwanza alichelewa kutoka, simu wameshachukua, nikabaki na dua zangu tu.

Thieta kuna baridi omba blanketi wanalo la joto. Kitanda chembamba wanakufunga mikanda usiogope, ni kwa sababu kitanda kinainamishwa kichwa kije juu. Wanakuuliza jina na unafanyiwa nini mara nyingi mpaka unachoka, jibu kila mara. Wanakuwekea barakoa ya oksijeni unavuta pumzi, dawa inapoingia mkono unachoma kidogo, baada ya hapo sikumbuki kitu.

Kuamka koo linauma kwa sababu ya mpira wa kupumulia, mdomo umekauka, natetemeka, na kichefuchefu. Tumbo liliuma ila bega ndo lilinitesa, bega la kulia, sikuambiwa na mtu nikadhani moyo. Ni gesi tu wanayojaza tumboni. Jioni ileile wakanisimamisha. Nilitaka kukataa ila nikasimama, hatua chache mpaka mlangoni nikarudi, na kila nilipotembea bega lilipungua. Tembea mdogo wangu, hata ukisikia uvivu tembea.

sista_wa_zamu
Nafanya kazi thieta, naongezea. Dada kuna kitu umekitaja juu juu na ndo kikubwa kuliko vyote kwenye post yako, huko kukoroma na kusimama pumzi usiku. Daktari wa usingizi anajua?? Kama hujamwambia kwa mdomo wako mpigie kesho usingoje Jumanne. Mtu mwenye tatizo hilo anapangiwa dawa za maumivu tofauti, anaangaliwa oksijeni usiku kucha na pengine anawekwa ICU usiku wa kwanza kwa usalama tu, sio kwamba ameharibika. Kama umepewa mashine ya kupumulia usingizini uje nayo pamoja na barakoa yake.

Mwambie na dawa zote. Presha kuna vidonge unameza asubuhi ile kwa maji kidogo na kuna vingine vinasimamishwa, usiamue mwenyewe. Kama umewahi kuchoma Ozempic au ndugu zake (sindano za sukari na kupunguza mwili) sema, zinachelewesha chakula kutoka tumboni na usingizini unaweza kutapika kikaingia kwenye mapafu. Vidonge vya uzazi wa mpango sema. Dawa za mitishamba na machai ya kupunguza mwili wengi wanaficha, usifiche, baadhi zinafanya damu isigande vizuri. Hatukuhukumu, tunataka uamke salama.

Kuhusu hofu ya kutoamka, naielewa, naiona kila wiki machoni mwa watu. Hatari ipo na sitakudanganya haipo. Takwimu zinazotajwa kwa vituo vinavyofanya operesheni hizi mara kwa mara ni kama kifo 1 kwa wagonjwa 1,000, inakaribiana na kutoa mfuko wa nyongo. Muda wote umelala kuna mtu mmoja kazi yake ni wewe tu, pumzi yako, presha yako, mapigo yako, haondoki. Na hayo maswali ya jina mara kumi ni utaratibu wa WHO wa tangu 2008, kabla ya usingizi, kabla ya kisu na kabla hujatoka.

Operesheni yenyewe inachukua kama saa moja mpaka mawili. Matundu madogo manne au matano, kamera, gesi ya kabonidayoksaidi ya kuinua ukuta wa tumbo ili waone, wanakata na kutoa kama asilimia 75 hadi 80 ya tumbo la chakula na kufunga kwa pini ndogo za titaniamu. Inabaki kama bomba jembamba. Sehemu inayotolewa ndo inatengeneza sana homoni ya njaa, ndo maana wengi wanashangaa hawasikii njaa wiki za mwanzo.

Kiboko_Msimamo
Mnakata viungo vya Mungu kwa sababu ya kushindwa kufunga mdomo. Acha ugali dada utapungua bure.

daktari_mtarajiwa
@Kiboko_Msimamo amesema wazi hataki hayo, ana BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) 48, presha, na usiku anasimama pumzi. Miongozo ya 1991 ya Marekani ilisema upasuaji huu ni kwa mwenye BMI kuanzia 40, au 35 ukiwa na magonjwa. 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu vya Marekani na vya kimataifa vikashusha, 35 hata bila ugonjwa wowote. Yeye amevuka zamani. Unene wa kiwango hiki ni ugonjwa, mwili wenyewe unapigana kurudisha kilo zilizotoka, njaa inaongezeka. Naomba uzi ubaki kwa anachouliza.

Baba_Neema_Moro
Naongea kama msindikizaji, mke wangu alifanya. Shemeji mwambie mumeo haya. Kwanza aje na hela ya akiba mbali na amana mliyolipa, kuna dawa unaweza kuambiwa ukanunue nje. Pili kama hospitali inataka watu wa kuchangia damu waende siku chache kabla, sio asubuhi ya operesheni. Tatu saa walizokwambia zidisha, wao wanahesabu muda wa kisu, kuna kulazwa usingizi, kuna kuamshwa, kuna chumba cha kuangaliwa. Mimi niliambiwa masaa mawili, yalipopita nikaanza kuzunguka korido kama kichaa na hakuna anayeniambia kitu. Achukue jina na namba ya nesi wa wodi mapema aulize kwa utulivu.

Na usiku wa kwanza awepo mtu mmoja anayejua. Mke wangu alikuwa anataka maji, anabembeleza, mimi roho inaniuma. Unapewa vikombe vidogo vile vya dawa, mililita 30, unanyonya taratibu robo saa nzima. Mgeni asiyejua angempa chupa.

Wanjiku_wa_Thika
Dadangu pole na hongera. Mimi nilifanyiwa baipasi huku Nairobi, yangu ni tofauti kidogo, ilichukua karibu masaa matatu kwa sababu wanaunganisha na utumbo pia. Nilikuwa na sukari. Kilichonishangaza ni kwamba sukari ilianza kushuka nikiwa bado wodini, kabla hata sijapunguza kilo yoyote, wakanipunguzia dawa, nikalia kwa furaha pale kitandani.

Mimi asubuhi ya pili walininywesha dawa fulani nikapigwa eksirei kuangalia kama kuna mahali panavuja, wengine wanapima hukohuko thieta na rangi ya buluu na basi, kwa hivyo usishtuke usipopimwa. Waweza pia kuamka na mpira wa mkojo ama dreini (mpira wa kutoa majimaji) ubavuni, uliza kabla ndiyo usiogope ukiviona. Lipu bam beba, midomo inapasuka.

Bint_Michenzani
Kitu kimoja cha sisi wa pwani, hina! Mimi nilikuwa nimetoka harusini, vidole vyeusi, nesi akasema kile kidude wanachobana kidoleni kupima oksijeni kinasoma kwa mwanga na hina nyeusi inaweza kukisumbua. Rangi ya kucha ni hivyohivyo, na kucha za bandia. Kwahiyo wiki hii hata kama una shughuli acha vidole vitupu.

Mzalendo_Chennai
Mimi nilikwenda India, mambo ya siku yenyewe ni hayohayo waliyosema. Ninachotaka kukazia ni dalili za kuita daktari maana mimi niliziandika kwenye karatasi nikampa kaka niliyekuwa naye: mapigo ya moyo kwenda mbio zaidi ya 120 ukiwa umelala, homa, maumivu ya tumbo yanayoongezeka badala ya kupungua, kutapika kusikokoma, pumzi kukata, mguu mmoja kuvimba na kuuma nyuma kwenye shavu la mguu. Mbili za mwisho inaweza kuwa damu kuganda. Za mwanzo inaweza kuwa panavuja pale walipofunga, na hiyo hutokea kwa wachache lakini ikitokea haingoji asubuhi. Ukisikia mwili wako unakwambia kuna kitu, sema, na ukipuuzwa sema tena kwa mwingine.

Mama_Twiga
Jaman nimesoma zote mara mbili na mume nimemsomea. @sista_wa_zamu nimempigia daktari wa usingizi leo, nilikuwa nimemwambia nakoroma tu sikumwambia kuhusu pumzi kusimama, amesema afadhali umesema na ameniandalia kitanda cha uangalizi usiku wa kwanza. Asante sana sana. Gauni nimeuliza, wanalo.

Maswali yaliyobaki. Dada yangu anataka kuniletea uji wa lishe wodini siku ya pili, sawa au hapana? Na dawa za maumivu nyumbani huwa natumia diklofenaki kwa magoti. Na wanangu, mdogo ana miaka miwili anapenda kurukia tumboni.

bibie_goba
Uji wa lishe hapana, mzito. Siku za mwanzo ni maji, supu iliyochujwa isiyo na mafuta, chai isiyo na sukari, hivyo hivyo wiki mbili hivi kisha vilivyosagwa, ndo baadaye vilaini. Sukari na soda sahau. Na usinywe kwa mpigo hata kama kiu inakuua, mimi funda moja kubwa lilinikaba kifuani nikaona nyota.

sista_wa_zamu
Diklofenaki na ibuprofeni weka pembeni, zinaweza kusababisha vidonda tumboni, utapewa parasetamo na nyingine watakazoona zinafaa, na dawa ya kupunguza asidi tumboni kwa miezi kadhaa. Vitamini utameza maisha, B12, chuma, kalsiamu, vitamini D, hilo usilichukulie poa hata ukijisikia mzima. Mimba subiri mwaka mmoja mpaka mmoja na nusu, panga na daktari njia ya kuzuia kabla hujatoka hospitali.

Mtoto wa miaka miwili usimbebe wiki kadhaa, daktari atakwambia kikomo cha uzito. Akija kukuona kaa kwenye kiti, mto mdogo tumboni, yeye apande pembeni yako. Huo mto uje nao Jumanne pia, ukikohoa unaukumbatia kwa nguvu juu ya vidonda, na kwenye gari siku ya kurudi unauweka kati ya mkanda na tumbo.