Mdogo wangu haoni, anataka laptopu ya chuo. Tuanzie wapi?

BintiUjiji:
Wakuu habari za saa hizi. Mdogo wangu wa kiume haoni kabisa tangu mtoto, nukta nundu anaisoma vizuri tu ila kompyuta hajawahi kugusa na chuo kimeshafunguliwa. Nimempa laptopu yangu ya zamani, Windows 10, ramu 4. Fundi mmoja hapa Kigoma kaniambia bila JAWS, ile programu ya kumsomea skrini kwa sauti, hakuna kitu, na kwa vile leseni yake ni hela ndefu ataniwekea ya wizi kwa 80,000. Kweli hakuna njia nyingine?

fundi_wa_Kasulu:
Dada usimpe hata mia. Bonyeza Ctrl, kitufe cha Windows na Enter kwa pamoja uone, laptopu itaanza kuongea yenyewe. Hiyo ni Narrator, iko humo humo ndani, Microsoft wameanza kuiweka tangu Windows 2000 ila mafundi wengi hatuigusi kwa sababu sisi tunaona. Kwa kazi za chuo sasa pakua NVDA, nayo ni kisoma skrini kama JAWS ila ya bure, aliianzisha Michael Curran wa Australia mwaka 2006 na mwenyewe haoni, kwa hiyo anajua anachokifanya. Unaweza kuiweka hata kwenye flashi akaenda nayo maktaba akachomeka mashine yoyote. JAWS ni nzuri sikatai, lakini hata ile halali ukiiweka bila leseni inakupa dakika 40 ndo unawasha upya mashine, sasa ya wizi ya nini, uletewe na virusi juu?

Mnyamwezi_Isevya:
Mimi mwenyewe sioni, niko Tabora, natumia NVDA kila siku. Dada mausi ifiche kabisa. Mwambie abonyeze Insert na 1, hapo kila kitufe atakachogusa kinatajwa na hakiharibu kitu, aizoee kibodi hivyo mpaka vidole vijue njia. Kwenye tovuti herufi H inamrusha kutoka kichwa cha habari hadi kingine, asikubali kusikiliza ukurasa wote kutoka juu kama taarabu. Shida kubwa atakayokutana nayo siyo Windows, ni watu. Mtu anatengeneza tovuti vitufe havina majina unasikia "button, button, button" mpaka unachoka, halafu mwalimu anapiga picha kurasa za kitabu anazigeuza PDF anatuma kwenye grupu, hapo kisoma skrini kinakaa kimya maana hamna maandishi, ni picha. Insert na R inajaribu kutoa maandishi kwenye picha ila ikikutana na picha iliyopinda utalia. Bora aombe ya Word mapema.

kijana_wa_reli:
Wekeni Ubuntu badala ya Windows, ina kisoma skrini chake kinaitwa Orca, bure yote na mashine itakuwa nyepesi

Mnyamwezi_Isevya:
Orca iko poa ila mtoto ndo anaanza mkuu, na chuoni kwao mashine zote zitakuwa Windows, akikwama nani atamsaidia? Mwache kwanza.

BintiUjiji:
Asanteni sana nimeiweka NVDA, anafurahi huyo! Ila Kiswahili inasoma kama mzungu wa watalii, hatuelewi neno.

Mnyamwezi_Isevya:
Sauti iliyowekwa ni ya Kiingereza. Bonyeza Ctrl, Insert na S, chagua eSpeak NG, ndo injini ya sauti, halafu Ctrl, Insert na V utafute Swahili kwenye orodha ya sauti. Itaongea kama roboti lakini maneno yatasikika. Spidi mwachie mwenyewe, akishazoea ataikimbiza mpaka wewe ndo usielewe.