ACS712, INA219 au INA226: ipi inafaa kupima ampea za sola, na renji unaipanuaje?

FundiSola_Moro:
Wakuu habari za leo. Nina mfumo wa sola wa volti 24, betri ni LiFePO4 (aina ya lithiamu), mchana pampu na friji zikiwaka pamoja inveta inavuta kama ampea 40 hivi, usiku inabaki ruta na taa moja ya LED, haifiki hata ampea moja. Nataka ESP32 (kile kibodi kidogo cha kuprogramu) inihesabie ampea-saa zinazoingia na kutoka nijue betri imebakiza nini. Mezani nina sensa tatu za kupima ampea: ACS712 ya ampea 30, INA219 na INA226, bodi za kawaida tu za dukani. Nichukue ipi na niifikishaje ampea 50? Kinachonisumbua zaidi ni usiku, maana kakosa kadogo kakijumlishwa masaa 12 asubuhi hesabu inakuwa ya uongo kabisa.

Kibe254:
Mimi naanza na ACS712 kwa sababu wiring yake ni rahisi, umeme mkubwa haugusani na ESP32 yako na ukinzani wa ndani ni miliomu 1.2 tu. Ila kwa kazi yako sioni kama inafaa. Hiyo ya 30 inatoa milivolti 66 kwa kila ampea, na sifuri yake (inachotoa wakati hakuna ampea inayopita) iko volti 2.5, yaani nusu ya ile 5V unayoilisha, sasa 5V ikicheza kidogo na sifuri inacheza nayo. Ikifika ampea 30 inatoa karibu volti 4.5 wakati pini ya ESP32 mwisho wake ni 3.3, lazima uweke risista mbili za kugawa volti, na ADC ya ESP32 (sehemu inayogeuza volti kuwa namba) yenyewe haijanyooka huko miishoni. Kwa kujua tu pampu imewaka au haijawaka, sawa. Kwa kuhesabu betri, hapana bro.

mama_volti:
Kibe kasema kweli. Sasa tuje kwenye hizo INA mbili, na hapa naomba tufanye hesabu kabla ya kununua kitu.

INA219 mwisho wake volti 26. Betri yako ya 24 ikichajiwa inafika 28.8, kwa hiyo ukiiweka upande wa chanya umeshaipitiliza. Ukiihamishia upande wa hasi inapona lakini inapoteza uwezo wa kusoma volti za betri, kwa sababu inazisomea kwenye pini ileile ya IN- inayosomea ampea. INA226 inavumilia volti 36 na ina pini yake ya VBUS ya kusomea volti peke yake.

Renji: INA226 inasoma hadi milivolti 81.92 juu ya shanti (risista ya omu ndogo sana ambayo ampea zote zinapitia), hatua moja ni maikrovolti 2.5. Bodi nyingi zinakuja na kirisista kimeandikwa R100, ni omu 0.1, hapo mwisho wako ni ampea 0.82 tu. Ukitumia shanti ya nje ya 50A/75mV, ambayo ni miliomu 1.5, unafika ampea 54 na hatua inakuwa miliampea 1.7. Hiyo ndiyo kupanua renji, huigusi chipu, unabadilisha shanti.

Sasa gharama yake iko chini kwenye sifuri. Kosa la sifuri la INA226 halizidi maikrovolti 10, kwenye miliomu 1.5 ni kama miliampea 7. INA219 ya daraja A inaruhusiwa hadi maikrovolti 100, hiyo ni miliampea 67, zidisha kwa masaa 12 unapata ampea-saa 0.8 ambazo hazipo. Ukiuliza mimi, kinachoamua ni hapo.

jamaa_wa_lehemu:
Shanti ya nini yote hiyo? Kata kipande cha kebo nene ya shaba, pima urefu, kalibreti, maliza. Na hiyo R100 iache hapohapo, haidhuru kitu.

mama_volti:
@jamaa_wa_lehemu kaka hapana, vyote viwili vinadhuru. Shaba ukinzani wake unapanda kama asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya joto, kebo ikipanda nyuzi 30 usomaji wako umeshahama karibu asilimia 12. Shanti za dukani zina manganini, aloi ambayo ukinzani wake karibu hausogei.

Na R100 lazima itoke. Ukiiacha, milivolti 75 za shanti zinasukuma ampea 0.75 kwenye vile viwaya vyembamba vya kusomea, na viwaya hivyo kwenda na kurudi vikifika jumla ya omu 0.1 basi bodi inaona nusu tu ya volti. Chomoa kwa bunduki ya joto au pasha pande zote mbili kwa lehemu nyingi. Viwaya vya kusomea vifunge kwenye vile viskrubu vidogo vya shanti, sio kwenye bolti kubwa za kebo.

Zenji_umeme:
Naongezea upande wa kuijua sensa yenyewe, watu wanaruka hapa wanakimbilia kuandika kodi (programu). Kwanza sifuri: zima mzigo wote, unganisha IN+ na IN- (pini mbili za kusomea) pamoja kwenye shanti, acha irekodi muda mrefu, asubuhi kukiwa na baridi na mchana bati likiwa limewaka. Ikiwa sifuri inahama na joto hakuna namba moja utakayoiweka kwenye kodi ikakutosha. Pili, weka multimita kwa mfululizo, panda taratibu kutoka ampea 0.1 hadi inapoishia, kisha SHUKA kwenye pointi zilezile. Chora mstari, halafu usiangalie mstari, angalia mabaki, yaani tofauti ya kila pointi na mstari. Yakiwa yametawanyika hovyo hiyo ni kelele, ongeza wastani, INA226 inakubali hadi sampuli 1024. Yakipinda kadri ampea zinavyopanda, shanti inachemka. Angalia pia maandishi kwenye tundu la 10A la multimita, nyingi zinaruhusu sekunde chache tu.

FundiSola_Moro:
Asanteni sana aisee. Kwa hiyo INA226 na shanti ya 50A/75mV. Hiyo 40 ya mchana inaweza kukaa saa nzima pampu ikivuta, itahimili?

mama_volti:
Hapo chukua ya 75A/75mV. Shanti hizi kwa mzigo wa kudumu watu huzipa theluthi mbili ya kilichoandikwa, ya 50 inakuwa 33 tu. Ya 75 ni miliomu 1 kamili, renji inafika ampea 81 na kosa la sifuri linakuwa miliampea 10. Ukishapima sifuri yako kama Zenji alivyosema na kuitoa kwenye hesabu, linapungua tena.

Kibe254:
Budget ikiruhusu angalia INA228. Biti 20, volti 85, kosa la sifuri maikrovolti 1, na inajumlisha chaji yenyewe ndani ya chipu hata ESP32 ikilala.

Zenji_umeme:
Na kwa sababu unaweka upande wa chanya, viwaya vya kusomea vitie fyuzi ndogo karibu na shanti. Ila zote MBILI na ziwe aina moja, maana pini za INA226 zinavuta maikroampea 10 hivi kila moja, fyuzi ya omu 1 upande mmoja tu inakurudishia maikrovolti 10 zilezile. Sifuri ipime baada ya kufunga fyuzi, sio kabla.